Papa wa nazi Moshi: mchuzi mzuri, jibu la mkato

Mgahawa huu mdogo wa samaki wa bahari, ulio kwenye uchochoro karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi, hupokea mzigo wake kutoka Tanga kwa basi, na nilimkuta nguru wao akiwa na mnofu mgumu usio na shombo. Hata hivyo, nilikwenda kwa ajili ya papa mkavu wa nazi. Walikuwa wamemroweka usiku kucha ili kupunguza chumvi, wakamchambua nyuzinyuzi, kisha wakampika kwa tui zito, bizari na ndimu. Wali ulikuwa mkavu kidogo, lakini mchuzi uliusitiri. Sahani ya papa ilikuwa shilingi 7,000 na ya nguru 12,000.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nimuulize mhudumu ni papa wa aina gani. "Papa ni papa tu, mzee wangu," akajibu, akaondoka na sahani tupu.

Si kweli, papa ni wa aina nyingi. Papa pingusi, yule mwenye kichwa cha nyundo, hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa watoto makumi machache tu, ilhali jodari mmoja hutaga mayai mamilioni. Kwa hiyo papa ni mtaji wenye faida ndogo, na anayevua kuzidi kilichoongezeka anakula mtaji wenyewe. Mvuvi naye ana hoja: papa hurarua nyavu na kumla jodari akiwa bado kwenye ndoana, hivyo kumuua huonekana kuwa ni kuokoa mapato na kupata kitoweo kwa pigo moja. Lakini papa huyohuyo hula pia taa na samaki walao samaki wenzao, na kundi la papa likipungua walaji hao huweza kuzidi, hasara ikawaangukia wavuvi wote, si yule aliyeuza mnofu pekee. Sehemu hiyo ya gharama haimo katika zile 7,000. Mwaka 2013 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, ziliamua kuidhibiti biashara ya kimataifa ya pingusi kwa vibali, ila kibali cha mpakani hakikaguliwi kwenye sufuria ya Mbuyuni.

Mwenye mgahawa, nilipolipa, alikiri kwamba mletaji wake huko Tanga huzijua aina zote kwa majina. Basi na ziandikwe kwenye ubao wa bei, ambao kwa sasa nusu yake umejaa soda. Kwa nguru nitarudi, na anayemtaka awahi kabla ya saa saba mchana.