Tiketi ya Kwenda Tanga: Ipi Ununue Kwanza na Ipi Uiache

Mgeni anayepanga kwenda Tanga hutumia siku kadhaa kutafuta chumba Raskazone, eneo la mji huo, ilhali vyumba havikosekani, kisha tiketi ya safari huinunua asubuhi yenyewe, kwa mtu wa kwanza atakayemshika begi. Mpango huo ungefaa kugeuzwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kwa barabara ni kama kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera, mwendo wa saa sita au saba foleni ikikuhurumia, na tofauti ya tiketi nzuri na mbaya utaibeba mgongoni saa zote hizo.

Kwa maoni yangu, tiketi ya kwanza ya kufikiria ni ya basi la daraja la kati linaloondoka alfajiri. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hugawa mabasi kwa madaraja na kuweka ukomo wa nauli kwa kila kilomita. Katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, ukomo ulikuwa shilingi 48.47 kwa daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati katika barabara ya lami. Ukizidisha kwa kilomita 350 utapata takribani shilingi 17,000 kwa daraja la kawaida na chini kidogo ya 24,000 kwa la kati. Viwango hubadilika, kwa hiyo angalia tangazo la karibuni kabla ya kusafiri, lakini hesabu yenyewe ni ile ile, na mtu aliyeifanya nyumbani hapangiwi bei stendi. Hiyo nyongeza ya takribani shilingi 7,000 hununua viti vinne kwa mstari badala ya vitano, nafasi ya magoti, na mara nyingi kiyoyozi. Kwa safari ya saa sita katika joto la pwani, sijaona matumizi bora ya kiasi hicho cha fedha.

Ununuzi wenyewe ufanyike siku moja au mbili kabla, ama kwa simu kupitia mfumo wa tiketi mtandao, ama katika ofisi ya kampuni ndani ya Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Kabla ya kuondoka dirishani, hakikisha kwamba tiketi ina jina lako, namba ya kiti, namba ya usajili wa basi, saa ya kuondoka na nauli uliyolipa kweli. Mimi niliwahi kupuuza jambo hilo. Mpiga debe mmoja mwenye ulimi wa asali aliniuzia nafasi katika basi alilolisifia kwa nusu saa; nilipopanda nikakuta viti vitano kwa mstari, changu kikiwa cha katikati, na karatasi niliyoishika haikuwa na namba ya gari wala kiasi cha nauli, hivyo sikuwa na chochote cha kumwonyesha msimamizi wa kituo. Sijawahi tena kununua tiketi nikiwa nimesimama nje ya ofisi.

Kuhusu kiti, watu wengi hutaka dirisha bila kuuliza ni dirisha la upande gani. Basi la alfajiri likishapita Chalinze huelekea kaskazini, na jua la asubuhi hupiga upande wa kulia, yaani upande wa dereva; kwa hiyo chagua kiti cha upande wa mlango. Ukiondoka adhuhuri, kanuni hiyo hugeuka. Siti za nyuma kabisa ziachie wale wasiojali kurushwa, kwani matuta ya barabarani ni mengi katika kila kijiji.

Nafasi ya pili naipa ndege, kwa sharti moja: uwe unatoka Unguja au Pemba. Uwanja wa Tanga hutumiwa na ndege ndogo za abiria wachache, na kwa mtu aliye Pemba safari ya angani haimalizi hata kikombe cha kahawa, ilhali kurudi Dar es Salaam kwa boti na kupanda basi humla siku nzima au zaidi. Kwa mgeni wa namna hiyo pekee ndege yapaswa kutangulia hata basi la daraja la kati. Kwa anayetoka Dar es Salaam nauli yake ni mara kadhaa ya nauli ya basi, na ukijumlisha muda wa kwenda uwanjani na kusubiri, saa unazookoa si nyingi kama zinavyoonekana kwenye ratiba. Uliza mapema juu ya uzito wa mizigo, maana ndege hizi hupima kwa ukali na hupendelea mabegi laini kuliko masanduku magumu.

Basi la daraja la kawaida linafuata, na halina aibu yoyote kwa kijana mwenye begi moja. Ila usichanganye bei rahisi na safari ya usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa kusafiri saa 24, na tiketi za usiku huwavutia wanaotaka kuokoa gharama ya chumba. Tatizo ni kwamba basi la usiku huweza kukushusha Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, saa tisa au saa kumi za usiku. Kituo cha Kange kiko nje ya katikati ya mji, daladala bado hazijaanza, na dereva wa bajaji aliye macho saa hizo anajua fika kwamba huna mwingine wa kumwendea.

Gari ndogo za aina ya Noah, ambazo wengine huziita michomoko, naziweka mbali chini. Huondoka zikijaa, hujaza kupita kiasi, hukimbia, na kwa kawaida hazitoi tiketi ya kueleweka. Zinafaa kwa kipande kifupi tu, ukikosa basi kabisa.

Njia ya bahari ni ya mwisho katika orodha hii, ingawa ndiyo niipendayo. Meli kati ya Pemba na Tanga haziendi kila siku, na ratiba hubadilika, kwa hiyo mgeni mwenye siku chache asiijengee safari yake. Nunua tiketi ya meli iliyosajiliwa pekee, katika ofisi yake, na jina lako liandikwe katika orodha ya abiria. Anayekuahidi kukuvusha kwa jahazi la mizigo kwa bei ya chini mkatalie, hata bahari ikiwa shwari. Pemba haijasahau MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake.

Wanaotoka Mombasa wana hesabu yao. Basi la moja kwa moja kupitia Lunga Lunga na Horohoro ni bora kuliko kupanda matatu, yaani daladala ya Kenya, hadi mpakani na gari jingine baada ya hapo, kwa sababu basi huwasubiri abiria wake wakigongewa mihuri. Weka hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mfukoni, si ndani ya begi lililo kwenye buti.

Ukishashuka Kange, usikimbilie bajaji kabla hujapita kwenye ofisi za mabasi kununua tiketi ya kurudi. Siku za kawaida si lazima, lakini Jumapili, wiki ya Idi na kuanzia katikati ya Desemba viti vya asubuhi huisha mapema, na kutoka mjini kurudi kule kwa ajili ya tiketi tu ni nauli na nusu siku nyingine.