Viroboto na kupe katika nyumba ya mbao Goma: huduma niliyolipia na kidonge cha mbwa

Kwa wenye haraka: mpulizaji dawa wa pili niliyemwita nampa nyota nne kati ya tano, na kidonge cha mbwa alichotoa veterineri (daktari wa wanyama) nakipa zote tano. Ningelipia kimoja nikaacha kingine, pesa ingepotea bure.

Tunaishi Keshero, nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe ya volkeno kama nyumba nyingi za hapa. Anayekaa nyumba ya saruji hajui shida ya sakafu yetu. Kati ya ubao na ubao kuna ufa, na ndani ya ufa kumejaa vumbi jeusi, manyoya ya mbwa na makombo ambayo ufagio hupita juu yake tu. Huko ndiko viroboto wanakokulia. Kiroboto hutaga akiwa juu ya mbwa, lakini yai lake halishiki kwenye manyoya. Mbwa akijikuna au akijilaza, mayai yanamwagika chini na kuzama kwenye nyufa. Wale wanaokurukia kwenye soksi ni wachache. Wengi wao wako chini ya miguu yako, wakiwa bado mayai, mabuu au vifukofuko.

Watu wa kwanza tuliowaita, kampuni yao siitaji, walipuliza sebuleni na vyumbani, wakapokea pesa, wakaondoka. Hawakuuliza kama tunafuga mbwa, na mbwa wetu Simba alikuwa amelala hapo barazani wakimruka. Nyumba ilitulia kidogo, kisha watoto wakaanza tena kuamka na vipele vilivyojipanga kwenye vifundo vya miguu. Nilipowapigia simu, jibu lilikuwa kwamba dawa yao haina shida, shida ni uchafu wetu. Maneno hayo yaliniuma sana na bado naona ni dharau. Mama anayefagia na kupiga deki kila asubuhi haambiwi hivyo na mtu aliyekula pesa yake.

Huyu wa pili tulielekezwa na dada mmoja wa kanisani. Ni kijana wa Katindo, anafanya kazi peke yake. Hata pampu hajaishusha mgongoni, akasema, “Mama, naomba nimuone mbwa kwanza.” Akachukua chanuo la meno ya kubana, akamchana Simba mgongoni karibu na mkia, akakung'utia zile punje nyeusi kwenye karatasi ya choo aliyoilowesha maji. Tukainama kuangalia. Punje zikaanza kuyeyuka pole pole, kila moja ikaacha alama nyekundu ya kutu pembeni yake. “Hii ni damu ya mbwa wenu, Mama.” Ni mavi ya viroboto, na ndiyo chakula cha mabuu walioko kwenye nyufa. Kisha akafunua masikio: kupe walikuwa wamejibana kwenye mikunjo, na wengine katikati ya vidole. Akainua macho hadi kwenye kona ambapo ukuta unakutana na dari, na huko pia kupe wawili watatu walikuwa wakipanda. Kupe wa kahawia wa mbwa ndiyo tabia yake. Akishiba anajiachia, anapanda ukuta, anajificha ufani, na jike mmoja anaweza kutaga mayai elfu kadhaa. Hahitaji majani wala ng'ombe. Nyumba yenye mbwa inamtosha maisha yake yote.

Siku hiyo hakupuliza. Alisema mbwa aonwe kwanza na veterineri, na hapo ndipo aliponipata, kwa sababu pesa ilikuwa mkononi mwangu tayari.

Veterineri alitoa kidonge cha kutafuna chenye fluralana. Bei yake inakaribia gunia la makala ya kupikia, sitawaficha, lakini kinalinda kwa wiki 12. Dawa inakaa kwenye damu ya mbwa, kwa hiyo kiroboto au kupe akishamuuma anakufa. Kabla ya kukitoa aliuliza kama Simba amewahi kuanguka kifafa, maana dawa za aina hiyo zinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Kama wako ana historia hiyo, sema mapema. Alitukumbusha pia kwamba mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kupata mnyoo wa tegu kutoka kwa mbwa, na mimi nina mtoto anayetambaa.

Wengi mtaani humfungia mbwa nje hadi nyumba iishe viroboto. Sisi tuliambiwa kinyume: aingie, alale anapolala siku zote. Kiroboto jike huhitaji kunywa damu siku moja au mbili kabla ya kuanza kutaga. Akimrukia mbwa mwenye dawa, anakufa kabla hajaacha yai hata moja. Simba akawa mtego unaotembea vyumba vyote.

Siku ya kazi tulianika magodoro, tukafua mashuka kwa maji ya moto, tukachokonoa nyufa kwa kisu chembamba na kufunga vumbi kwenye mfuko. Kijana alichanganya permetrini, ya kuua wakubwa, na piriproksifeni, inayozuia mayai kuanguliwa na mabuu kukomaa. Wale wa kwanza hii ya pili hawakuwa nayo. Alipuliza nyufa, nyuma ya kabati, kona za dari, kibanda cha mbwa, kisha akatambaa kwa tumbo chini ya sakafu, pale paka wa jirani wanapolala. Paka wenyewe aliomba waondolewe na wasirudi hadi kukauke kabisa, kwa sababu permetrini huua paka. Mabaki hakuyamwaga mferejini. Maji ya mji huu yanateremkia ziwani, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Kwa sisi tunaokula sambaza za Kivu, nilifurahi kuona kijana anajali.

Baadaye viroboto wakatokea tena. Alikuwa ametuonya: hakuna dawa inayopenya vizuri kifukofuko. Kiroboto anaweza kungoja humo kwa miezi, hadi asikie mtikisiko, joto au pumzi ya kiumbe. Nilielewa papo hapo, kwa sababu Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, tulikimbilia Sake, na tuliporudi kwenye nyumba iliyokuwa tupu viroboto walitupokea mlangoni. Kwa hiyo safari hii tulitembea, watoto wakacheza na kuruka kwenye mbao ili viroboto watoke upesi, wakutane na dawa sakafuni na kwenye damu ya Simba. Kijana akarudi kupuliza mara ya pili bila kuongeza bei. Jumla ilikuwa dola 25 kwa vyumba vitatu.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu hakutoa risiti wala karatasi yenye majina ya dawa. Mimi ndiye niliyeomba nisome chupa. Tena tulipatana asubuhi akafika mchana, mvua ikakuta magodoro nje.

Kuna jirani anayemwaga mazutu (dizeli) chini ya nyumba, na wengine wananunua dawa za shamba zilizotiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Nawasihi msifanye hivyo. Nyumba ya mbao ikishika moto haizimiki, na mtoto hajui kutofautisha chupa.

Sasa watoto wanalala bila kujikuna. Kidonge kingine cha Simba nimeshaanza kukiwekea akiba, na kijana huyo ataenda Majengo kwa mama mkwe wangu, ambaye ana mbwa wawili na sakafu ya mbao kama yangu.