Chanjo ya bure ya mbwa kijijini: huduma nzuri yenye pengo moja kubwa

Mbwa anayelinda zizi letu alichanjwa mwaka huu katika kituo cha siku moja kilichowekwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, wilayani Serengeti. Kwa kuwa wafugaji wengi bado wanasita kupoteza asubuhi nzima kwa ajili ya mbwa, naeleza hapa huduma hiyo nilivyoiona.

Kilichonipa imani ni namna dawa ilivyotunzwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi, na bwana mifugo hakuzipanga chupa mezani zikapigwa na jua, bali alitoa moja kwenye kisanduku cha barafu, akaimaliza, ndipo akakifungua tena. Kila mbwa alichomwa sindano mpya, akavishwa utepe wa rangi shingoni ili atambulike mitaani, na mwenye mbwa akaandikiwa kadi yenye tarehe ya kurudia. Kadi hiyo itunzwe vizuri, maana mbwa akimuuma mtu ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Foleni haikupangwa vizuri. Wengi walioleta mbwa walikuwa watoto, baadhi yao wakiburutwa na madume makubwa waliofungwa kamba za katani, na mbwa wa kaya mbalimbali walipobanana wakaanza kupigana. Kumpeleka mbwa mkali ni kazi ya mtu mzima anayemlisha, na hapo lawama ni yetu sisi wenye mbwa.

Ninachokilalamikia kwa dhati ni kukataliwa kwa mbwa wadogo. Jirani alikuja na vijibwa ndani ya kapu, akaambiwa asubiri watimize miezi 3. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba katika kampeni za namna hii wachanjwe mbwa wote, hata wa chini ya umri huo, na sababu yake tunaijua vijijini: mbwa wetu hawaishi miaka mingi, wengine huzaliwa kila mara, na wachanjaji hawarudi mpaka mwaka upite. Wadogo wakiachwa, ni vigumu kufikia na kudumisha ile asilimia 70 ya mbwa waliochanjwa inayohitajika ili ugonjwa ukome kuenea. Tena vijibwa hao ndio ambao watoto wetu huwabeba mchana kutwa.

Hata hivyo naipendekeza huduma hii bila kusita. Mbwa huchanjwa bure, ilhali mtu aliyeumwa huhitaji sindano kadhaa za gharama, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Kisiwani Pemba chanjo za mbwa zilizorudiwa ziliumaliza ugonjwa, ukaingia tena kutoka bara, na zikaumaliza kwa mara nyingine.

Atakayekwenda mwakani aulize tarehe mapema kwa mtendaji wa kijiji, kwani tangazo la kipaza sauti lilipita jioni ya kuamkia siku yenyewe, na kaya za mbali hazikulisikia. Amfunge mbwa wake usiku huo, kabla hajaondoka kwenda kuzurura.