Vitambaa vya kushonea: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ukiingia Kariakoo bila kujua unashona nini, utatoka na kitenge kizuri kitakachoishia kabatini. Muuzaji atakutandazia jora baada ya jora, na kila moja litakuita. Kwa hiyo anza na mshono: gauni la kubana, sketi ya mwamvuli, shati la baba, nguo ya mtoto. Ukishajua, geuza kitambaa utazame nyuma yake, maana huko ndiko ubora unakoonekana. Mpangilio huu ni wa anayeshona mwenyewe au anayempelekea fundi.

1. Kitenge cha waksi, pamba tupu, bei ya kati

Waksi halisi hupigwa nta pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi. Ndiyo maana maua ya mbele na ya nyuma yanakolea sawa, na mara nyingi utaona vimistari vyembamba pale nta ilipopasuka. Kikiwa kimefifia nyuma, kimepigwa chapa upande mmoja tu. Kinashoneka, lakini usikilipie bei ya waksi. Maandishi ya ukingoni yasikutie wazimu, kila mtu anayaiga.

Omba uchomoe uzi mmoja ukauchome nje ya duka. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Ukiyeyuka na kuganda kijidonge kigumu, kuna poliyesta. Kisha sugua pembe kwa leso nyeupe iliyolowa uone kama kinachuja. Mwenye mali nzuri hakasiriki. Vitenge vya China kama Hitarget vimejaa sokoni, na kikipita majaribio haya, kwa nguo ya kila siku kinatosha kabisa.

Ua kubwa linataka mshono wenye vipande vichache. Lipeleke kwenye gauni la kukatwa vipande sita na utapata nusu ua kifuani, nusu jingine kwapani. Kitenge kina upana wa kama inchi 45 tu, kwa hiyo ukitaka maua yakutane kwenye mishono, ongeza yadi moja juu ya aliyokutajia fundi. Ua dogo halina usumbufu huo. Ndilo la mashati na nguo za watoto.

2. Kanga

Wengi wanaiacha kwa kuona ni ya kujifunga. Mimi naipa nafasi ya pili kwa sababu tayari imeshachorwa: pindo pande zote, mji katikati, jina chini ya mji. Pindo likikaa chini ya dera au mwishoni mwa mikono, hata mshono wa kawaida unaonekana umebuniwa. Tatizo ni ukubwa. Kila kipande ni takriban sentimita 150 kwa 110, na doti ni vipande viwili, basi gauni la mtu mnene lipangwe mezani kabla mkasi haujagusa kitu.

Na jina liangalie. Fundi asiyejali atakuwekea "Japo sipati, tamaa sikati" makalioni, uende nalo harusini.

Kanga mpya imejaa wanga, na ikifuliwa hurudi. Iloweke, ianike kivulini, ipige pasi, ndipo ukate. Kwa anayetaka kuchagua kwa nafasi, Darajani kule Unguja na Biashara Street ya Mombasa kuna kanga za kutosha. Mombasa ndiko yanakotoka maduka ya Mali ya Abdulla, yaliyoanza 1887.

3. Kikoi

Kizito kidogo, kimefumwa, kinafaa shati, kaptula, hata koti jepesi. Mistari yake ya pembeni itumie kwenye kola na mifuko. Kingo zinafumuka haraka, kwa hiyo zipige ovaloki siku ileile uliyokata.

4. Batiki

Hutapata mbili zinazofanana, na huo ndio uzuri wake. Nunua yote unayohitaji kwa mkupuo, ukirudi rangi ile hutaikuta. Zingine zinachuja vibaya. Fua peke yake.

5. Waksi ya Uholanzi

Vlisco wanatengeneza vitambaa Helmond tangu 1846, na ubora wao sina neno nao. Naiweka chini kwa bei tu. Ukiwa bado unajifunza kuweka zipu, usijifunzie juu ya kitambaa hicho. Kwa gauni la send-off na fundi unayemwamini, ipande hadi namba moja.

6. Kitenge cha poliyesta

Kinang'aa, hakikunjamani, bei yake ni ya chini. Dar saa saba mchana kitakupika. Chukua yadi moja ya mkoba au foronya za makochi, nyingine mwachie muuzaji.