Uzoefu Wangu: Spektromita ya Infraredi Yenye Almasi kwa Nyuzi za Mkonge, Tanga

Kwa anayechunguza mkonge hapa Tanga, ambako hewa ya pwani hubeba unyevu karibu mwaka mzima, spektromita ya infraredi (kifaa kinachoonyesha ni mawimbi gani ya mwanga wa infraredi yanayonyonywa na sampuli) inayosoma sampuli juu ya almasi inastahili bei yake, ingawa bei yenyewe si ndogo. Awali tulisaga nyuzi pamoja na bromidi ya potasiamu tukazigandamiza ziwe kidonge. Chumvi hiyo hunyonya maji hewani, na maji hayo hujitokeza kwenye grafu karibu na 3400 na 1640 kwa sentimita (idadi ya mawimbi katika kila sentimita), yakivuruga eneo lile lile tunalotaka kusoma haidroksili (jozi za oksijeni na hidrojeni) za selulosi, kampaundi kuu ya uzi. Juu ya almasi uzi hubanwa kwa skrubu bila chumvi yoyote, na grafu hupatikana upesi.

Kilichonivutia zaidi ni kuona bondi, yaani viungo kati ya atomi, zikibadilika. Uzi mbichi ulitoa kilele karibu na 1735, alama ya kaboni na oksijeni zilizofungana kwa bondi maradufu katika asetili (vikundi vidogo vya atomi) za hemiselulosi, kampaundi inayoambatana na selulosi. Nyuzi za fungu hilo hilo zilipolowekwa katika haidroksidi ya sodiamu, ambayo huvunja esta, yaani viungo vinavyoshikilia asetili hizo, kisha zikasuuzwa na kukaushwa, kilele hicho kilitoweka na kile cha 1240, cha bondi moja ya kaboni na oksijeni, kikafifia, ilhali vya selulosi, kati ya 1000 na 1160, vilibaki imara. Bondi maradufu ni kakamavu zaidi kuliko bondi moja, hivyo hutetemeka kwa kasi zaidi. Ndiyo maana atomi zile zile mbili husomeka juu ya 1700 zikifungana maradufu, na chini ya 1300 zikifungana mara moja.

Kasoro zipo. Mwale hupenya mikromita moja au mbili tu, kwa hiyo tunasoma uso wa uzi, si kiini chake. Kilele cha 1510 hutujulisha kwamba lignini, kampaundi inayoupa uzi ugumu, ipo, lakini kiasi chake bado hupimwa kwa njia nyingine za kikemia.

Jambo ambalo muuzaji wetu hakulieleza, nami naliona zito, ni kwamba almasi haidhuriwi na unyevu, lakini kioo kinachogawa mwale ndani ya mashine nyingi hutengenezwa kwa bromidi ile ile ya potasiamu. Anayenunua kwa matumizi ya pwani aulizie kioo cha selenidi ya zinki, au ahakikishe vikausha unyevu vya akiba vinapatikana kabla ya kulipa.