Geji ya mshale yenye kitako cha sumaku: uzoefu wangu kwenye injini ya Beetle 1600

Sumaku ya geji hii, kifaa cha kupimia msogeo mdogo sana kwa mshale, haishiki kwenye bloku (mwili wa injini) ya Beetle. Bloku ile ni ya magnesiamu, na anayetaka geji kwa ajili ya injini za Volkswagen za kupozwa kwa hewa ajue hilo kabla hajatoa pesa. Dawa yake ipo: bandika kitako kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenki, ambayo ni chuma, halafu ncha ya geji iguse bloku. Chagua mahali palipo bapa, mbali na mshono unaounganisha nusu mbili za bloku.

Inapima hadi milimita 10, kila kistari 0.01. Mimi naitumia hasa kupima mchezo wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ile nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Beetle inataka 0.07 hadi 0.13, na kwa macho au kwa mkono huwezi kuujua.

Kazi hii inataka watu wawili, ndiyo maana naifanya na rafiki yangu. Bloku ikishafungwa (nati sita kubwa 34 Nm, ndogo 20 Nm; Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), tunavisha shimu mbili tu, yaani pete nyembamba za kujaza nafasi, bila sili ya oili, kisha flaiwili na nati yake. Ncha inakandamizwa mpaka mshale uzunguke kama mara moja. Mmoja anasukuma flaiwili ndani kwa nguvu, mwenzake anaweka sifuri, kisha inavutwa nje. Isizungushwe hata kidogo, maana uso wake na shimu haziko sawa pande zote.

Tuseme umepata 0.42. Toa 0.10, ambayo ni mchezo unaobaki, katikati ya 0.07 na 0.13; shimu ya tatu iwe 0.32. Madukani zipo za 0.24, 0.30, 0.32, 0.34, 0.36 na 0.38, lakini pima kila moja kwa maikromita, hasa zilizokwisha kutumika. Lazima ziwe tatu. Usiweke mbili nene ukadhani ni sawa. Baada ya hapo vaa sili, kaza nati ya flaiwili 343 Nm, upime tena.

Mchezo ukiwa mdogo mno, injini ikipata moto oili inakosa nafasi na beringi namba 1, ile ya upande wa flaiwili, inaungua. Ukiwa mkubwa ni hasara polepole: kila ukikanyaga klachi krenki inagonga bega la beringi, beringi nayo inakula bloku, na oili inaanza kuvuja kwenye flaiwili. Bloku ikishaliwa, ni kuipeleka kuchongwa na kutafuta beringi ya ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya kawaida.

Kasoro ya geji ni kiungo cha kati cha mkono wa kitako unaoishika. Skrubu yake inalegea, mshale unahama wenyewe. Kabla ya kuamini namba yoyote, gonga mkono kwa kidole: mshale utikisike na kurudi palepale. Usiporudi, kaza upya. Nimetia washa ya springi chini ya skrubu na sasa inashika. Angalia pia ncha isilale upande. Lazima iende sambamba na krenki, la sivyo inasoma zaidi ya ukweli.

Nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa kile kiungo, na kwa kuwa boksini hamna ncha ndefu ya ziada; mkono unafika kwenye bloku kwa shida.