Faili lilifika, neno "imefika" ndilo halikufika: uzoefu wangu na mtandao mpya wa kampasi

Sikuwa na mpango wa kuandika haya. Nilikuwa nimeshasamehe. Juzi mwenzangu wa idara nyingine akaniuliza kama ile "njia ya data" ya hapa kampasini inafaa, aombe na yeye. Nikafungua mdomo nimjibu kistaarabu, nikajikuta nimeongea robo saa bila kupumua. Basi bora niandike, nikimaliza nimtumie, nikanywe chai.

Mimi ni mtu wa viazi. Nafuatilia ukungu wa viazi mviringo, ule unaokausha majani, si huu wa angani unaotufunika Mbeya asubuhi, ingawa wawili hao ni marafiki wakubwa: baridi na unyevu vikikaa siku kadhaa, shamba linaweza kwisha kabla mkulima hajapata hela ya dawa. Kazi yetu ni kupiga picha kwa droni mashamba ya Uporoto, msimu mzima, shamba lilelile kila wiki. Kufikia mavuno tulikuwa na terabaiti 2 za picha. Wenzetu wenye mitambo ya kuzichakata wako Uholanzi. Yaani viazi viko Mbeya, macho ya kuvitazama yako Ulaya, na katikati kuna waya.

Mtandao wa zamani ulikuwa wa kila mtu na kila kitu: mpira wa wanafunzi, mfumo wa matokeo, barua pepe za wakubwa na viazi vyangu, vyote foleni moja mbele ya fayawoli moja, kama geti lenye mlinzi mmoja anayefungua kila mkoba. Ndipo ukaja huu mpya unaoendeshwa na programu. Swichi, yaani vifaa vinavyopitisha data, hazijiamulii tena. Kuna programu moja juu yao, kontrola, inayoziandikia sheria: pakiti (kipande kidogo cha data) ya aina hii ipite huku, ile ipite kule. Mtafiti anaingia kwenye ukurasa, anajaza mashine yake na anakopeleka mzigo, na kontrola inamfungulia njia ya pembeni isiyopita kwenye fayawoli.

Siku ya kutambulishiwa, fundi wa TEHAMA alieleza vizuri mpaka nikampenda. Naomba hili likumbukwe, maana baadaye nitamsema. Alisema wazo lenyewe lilipata umbo kule Stanford, Marekani, na mwaka 2008 walipolitangaza kwa jina la OpenFlow walikuwa wanafikiria kampasi za vyuo. Alisema pia kwamba mzigo wa kwenda mbali hauuawi na uembamba wa waya tu. Wamarekani wa ESnet, mtandao unaohudumia maabara zao za utafiti, waliwahi kukuta ruta inayodondosha pakiti 1 tu katika kila 22,000, na hiyo moja ikatosha kuulemaza usafirishaji wa masafa marefu, kwa sababu TCP, kanuni inayosimamia utumaji wa data, ikipoteza pakiti inashika breki, na safari ikiwa ndefu inachelewa kushika tena mwendo. Akazipanga upya mashine zetu zisiwe zinasubiri jibu kila baada ya kilobaiti 64. Kwa safari ya Ulaya, ambapo kwenda na kurudi tulipima karibu milisekunde 200, kusubiri namna hiyo kunakupa kama megabiti 2.6 kwa sekunde, hata ukiwa na waya wa dhahabu. Baada ya mikono yake, tukaona 600. Mia sita, jamani, Mbeya hii! Nilipiga picha skrini nikamtumia mama Tukuyu, akajibu "ndaga fijo mwanangu" bila kujua ni nini.

Tena ni yeye aliyenishauri: "Dada, picha ndogondogo maelfu zinachelewesha. Zifunge zote ziwe faili moja." Nikazifunga. Faili moja, terabaiti 2. Ushauri wa kitaalamu, na ni wa kweli. Ukumbukeni na huu.

Nikaanza kutuma saa mbili usiku. Kwa mwendo ule ni saa saba na nusu hivi, kwa hiyo nikatega simu iniamshe saa tisa. Nilikaa kitandani na sweta na blanketi, laptopu mapajani, natazama namba kama anayengoja matokeo ya mtoto. 97. 98. 99. Asilimia 100! Nikasema asante Mungu. Chini yake pakaandikwa kwamba inasubiri uthibitisho. Nikasubiri nayo. Dakika kumi. Robo saa. Halafu, kwa wekundu: imeshindikana.

Si kwamba ilikwama njiani. Imefika mia, ndipo ikashindikana. Asubuhi mwenzetu wa Uholanzi akaandika kwamba usiku aliliona faili likikua kwenye seva yao, alipoamka halipo. Seva yao haihifadhi mzigo usiokamilika, inaufuta. Nikarudia usiku wa pili, ikafika mia, ikashindikana. Nikarudia wiki iliyofuata, mambo yaleyale. Terabaiti 6 za viazi zimevuka bahari, na hakuna hata picha moja iliyobaki ng'ambo.

Sasa tuje kwa fundi wangu. Nilimkuta ofisini anakula parachichi kwa kijiko, simu mkononi. Nikamweleza. Bila kuinua macho akasema, "Mimi nimejaribu, linapita." Alijaribu kwa faili gani? La gigabaiti 50. Nikamwambia langu ni kubwa mara arobaini. Akasema mtandao haujui ukubwa wa faili. Nikamwambia lakini, kaka, linafika mia ndipo linakataa, kuna kitu hapo mwishoni. Ndipo akaweka kijiko chini, akanitazama kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniua, akasema:

"Dada yangu, wewe si umesomea kilimo? Basi tuachie sisi haya."

Mna habari nilisema nini? Nilisema "sawa". Mimi huyu. Nilitoka pale nikafika mpaka kwenye maegesho ndipo majibu yakaanza kuja, mazuri, makali, yamejipanga mstari, na mtu wa kumpa hayupo. Mpaka leo nikimenya parachichi yanarudi.

Nikafungua tiketi kama utaratibu unavyotaka. Ikafungwa baada ya siku mbili kwa maneno matatu: "Kosa la mtumiaji." Hakuna jina wala namba ya kupiga.

Kwa hasira nikanunua diski, nikanakili kila kitu, nikaifunga kwenye kanga mbili, nikaiweka katikati ya kiroba cha mchele wa Kyela, nikampa mtu anayesafiri na basi la alfajiri kwenda Dar, akaipokee mwenzetu aliyekuwa anapanda ndege kwenda Uholanzi wiki hiyo. Usiku basi likawa limefika. Nilipiga hesabu: terabaiti 2 kwa saa kumi na nne ni zaidi ya megabiti 300 kwa sekunde, pamoja na vituo vya kuchimba dawa na foleni ya kuingia mjini. Muhimu zaidi, yule msafiri alinipigia simu. "Dada, mzigo umefika." Mtandao wa mamilioni haukuweza kuniambia maneno hayo.

Na kwa kweli ugonjwa wote ulikuwa hapo. Aliyeugundua ni mwanafunzi wa fildi, kijana mpole, aliyeletwa kwangu kuosha sampuli. Aliniuliza, "Dada, kwani hiyo programu yako inafungua njia ngapi?" Sikujua. Tukafungua ule ukurasa wa njia ya data, tukaanza kutuma upya, tukatazama. Kuna jedwali dogo la sheria zako na idadi ya pakiti zilizopita kila sheria. Zilikuwa mistari mitatu. Miwili ya data, namba zinakimbia huwezi kuzisoma. Wa tatu ulikuwa umesimama: 214. Tukanywa chai, 214. Tukaongea habari za kwao Iringa, 214. Nusu saa ilipotimia, mstari wa tatu ukafutika mbele ya macho yetu. Kimya kimya. Miwili ya juu ikaendelea kukimbia kama hakuna kilichotokea.

Kumbe programu yangu ina mdomo na ina mabega. Mabega yanabeba data. Mdomo unatoa amri mwanzoni, unanyamaza, halafu unangoja mwishoni uambiwe "imefika". Kontrola yetu imewekwa hivi: sheria isiyopitiwa na pakiti kwa dakika 30 inafutwa, ili kutojaza swichi. Faili la gigabaiti 50 linakwisha kwa dakika kumi na kitu, mdomo haujafungwa bado, linapita. La kwangu linachukua usiku mzima. Neno "imefika" linapokuja kurudi, njia yake ilishafutwa saa saba zilizopita. Linapelekwa njia ya kawaida, kwa fayawoli, ambayo haikuwahi kuona mazungumzo yale yakianza. Mgeni bila hodi. Inalitupa. Mtandao ulibeba gunia zima ukashindwa kubeba neno moja.

Yule kijana hana ruhusa ya kugusa kontrola. Alichofanya ni kuiwekea programu yangu iwe inakohoa kila baada ya dakika tano, pakiti moja tu ya kusema nipo, ili mstari usifutwe. Usiku ule ilifika mia, ikangoja sekunde mbili, ikaandika: imekamilika. Nililia. Sioni aibu.

Sasa hukumu. Ukiniuliza kama mtandao wenyewe ni mzuri, ni mzuri, tena sana. Tangu siku hiyo natuma kila mwezi, nalala, naamka kumekucha na mzigo umeshafika Uholanzi. Na nikiwa mkweli, programu yangu ni ya kale, na uwezo wa kukohoa ulikuwepo kwenye mipangilio yake siku zote, mimi sikuutafuta. Kwa hiyo labda "kosa la mtumiaji" si uongo mtupu. Kuna siku nafikiri hata fundi nilimwonea, ana vyuo vizima vya watu wanaompigia simu kwa sababu hawajachomeka waya. Na kukatika kwenyewe si kitu kigeni kwetu: kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini Mei 2024 nchi nzima iliyumba, na sikumlaumu mtu. Bahari ni bahari.

Lakini zile dakika 30 hazijabadilishwa. Nimewaandikia mara mbili. Ni kuhariri namba moja, au kuweka sifuri, ambayo katika OpenFlow maana yake ni usifute kwa sababu ya ukimya. Mtafiti mwingine ataketi kitandani saa tisa usiku anatazama mia ikigeuka nyekundu, kisha atakwenda ofisini aambiwe amesomea misitu.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Nilipofika kwenye yule kijana wa fildi nikapandisha hadi nne. Nikawa nataka kuacha hapo. Nimerudi kwenye ule ukurasa ili ninakili jina kamili la huduma, nikaona tiketi yangu bado iko pale, na sasa imeongezewa mstari mpya chini: "Mtumiaji ameelekezwa matumizi sahihi."

Ameelekezwa na nani?

Nyota mbili. Na zote mbili ni za yule kijana.